Bibi Rufaida al-Aslamiya, Muuguzi wa Majeruhi wa Madina

Katika mabibi wa Kiislamu wa zama za Bwana Mtume (S.A.W.) wamo waliojulikana kwa elimu, wamo waliojulikana kwa ukarimu, na wamo waliojulikana kwa ushujaa. Bibi Rufaida al-Aslamiya (R.A.) amejulikana kwa hema. Hakuwa askari, wala hakuhesabiwa katika safu za wapiganaji. Lakini jeshi la Madina lilimtegemea, na hema lake lilisimama msikitini kwa Mtume mwenyewe.

Bibi Rufaida alitokana na Bani Aslam, kabila lililokaa katika njia iliyo baina ya Makka na Madina, na ambalo watu wake wengi walisilimu mapema. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa tabibu, na kwamba kwake ndiko alikojifunza kusafisha jeraha, kuzuia damu na kumwangalia mgonjwa. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, mji ule ulijaa wageni walioacha nyumba zao, mali zao na jamaa zao. Miongoni mwao walikuwa mafakiri waliolala katika kivuli cha msikiti, wasiokuwa na mke wala mama wa kuwapikia.

Ili kuielewa kazi ya Bibi Rufaida hapana budi kujua jeshi la siku zile lilikuwaje. Halikuwa na mishahara, wala kambi ya kudumu, wala hospitali. Ilipopigwa mbiu ya vita, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka na silaha yake na chakula chake. Akijeruhiwa, alichukuliwa na jamaa zake akauguzwe nyumbani. Mwenye ukoo mkubwa aliuguzwa na watu kumi; mgeni asiye na ukoo alikuwa hana wa kumfunga kidonda. Pengo hilo ndilo alilolijaza Bibi Rufaida. Ibn Is'haq, mwandishi wa zamani wa sira ya Mtume, amemtaja kuwa ni mwanamke aliyewatibu majeruhi, na aliyejitolea nafsi yake kuwatumikia Waislamu waliokuwa hawana wa kuwaangalia, akitaraji thawabu kwa Mwenyezi Mungu.

Wala hakuwa peke yake katika njia hiyo. Katika vita vya Uhud, mwaka 3 wa Hijra (625), Bibi Aisha na Bibi Ummu Sulaim walibeba viriba vya maji migongoni wakiwanywesha majeruhi. Siku ile ile Mtume alipojeruhiwa usoni, binti yake, Bibi Fatma, alimwosha damu. Alipoona kuwa maji yanazidi kuitoa, alichoma kipande cha mkeka, akalitia jivu lake katika jeraha, na damu ikakatika. Bibi Rubayyi binti Muawwidh alitoka na majeshi kuwapa watu maji na kuwarejesha Madina majeruhi na maiti. Bibi Ummu Atiya alifuatana na Mtume katika vita saba, akibaki nyuma penye mizigo, akipika na kutibu. Lakini wengi katika mabibi hawa walifanya kazi hiyo wakati wa safari, na safari ikiisha walirejea majumbani. Kwa Bibi Rufaida wagonjwa walipata mahali panapojulikana, karibu na penye kusaliwa.

Jina lake limeandikwa zaidi kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Katika mwaka 5 wa Hijra (627) Makureshi na makabila waliyoshirikiana nayo waliuzingira Madina kwa jeshi lisemwalo kuwa la watu 10,000, na Waislamu, wapatao 3,000, wakajikinga kwa handaki walilolichimba kwa shauri la Salman al-Farisi. Saad bin Muadh, mkubwa wa kabila la Aus, alitoka amevaa deraya fupi isiyomfunika mikono. Mshale ukampata mkononi, ukaukata mshipa mkubwa wa damu.

Saad alikuwa na ukoo mkubwa na watu wengi waliompenda. Angeweza kupelekwa kwao, akauguzwe kama alivyostahiki mkubwa wa kabila. Lakini Mtume aliamrisha awekwe katika hema la Bibi Rufaida, ili awe karibu naye apate kumzuru. Basi yule mkubwa wa Aus akalazwa pale pale walipolazwa watu wasio na jamaa. Kila Mtume alipopita jioni alimwuliza hali yake, na asubuhi akamwuliza tena.

Matibabu ya jeraha kama lile yalikuwa mazito. Mshipa uliokatika ulichomwa kwa chuma cha moto ili damu ikatike, na hadithi zimepokea kwamba Mtume mwenyewe alimchoma Saad. Mkono ulipovimba akamchoma tena. Baada ya hapo kazi ni ya muuguzi: kukesha, kunywesha, kutazama kama kidonda kinafunga au kinafunguka. Zilipita siku kidonda kikiwa kimetulia. Katika siku hizo Saad aliitwa kutoa hukumu katika jambo la Bani Quraidha. Alipandishwa juu ya punda, akaenda na kurudishwa hali ni dhaifu.

Kisha usiku mmoja kidonda kikapasuka. Watu wa Bani Ghifar, waliokuwa na hema lao pale pale msikitini, walishtuka kuona damu inawamiminikia kutoka hema la jirani. Walipokwenda kutazama walikuta ni damu ya Saad, naye akafa kwa jeraha lile. Msiba ulikuwa mkubwa, na hadithi sahihi zimetaja kuwa Arshi ya Mwenyezi Mungu ilitikisika kwa kifo chake.

Mgonjwa aliyetukuka kuliko wote waliowahi kuletwa katika hema lile hakupona. Wala hapana hadithi iliyopokewa ya mtu kumlaumu Bibi Rufaida. Alikuwa amefanya yaliyo katika uwezo wa mwanadamu, na ajali ni ya Mola.

Vitabu vinavyosimulia maisha ya masahaba vimemtaja pia Bibi Kuaiba binti Saad wa Bani Aslam, mwenye hema msikitini la kutibia majeruhi, na wako wanazuoni walioona kwamba yeye na Rufaida ni mtu mmoja. Imepokewa kuwa Bibi huyo alihudhuria Khaibar mwaka 7 wa Hijra (628), na Mtume akampa fungu katika ngawira kama fungu la mwanamume. Heshima hiyo si ndogo. Fungu lilikuwa haki ya aliyepigana. Kumpa muuguzi ni kukiri kuwa aliyefunga vidonda naye alikuwa katika kazi ya jeshi, ijapokuwa mkononi mwake hamna upanga.

Miaka zaidi ya 1,200 ilipita baada ya hema lile, ndipo Florence Nightingale, mwanamke raia wa Kiingereza, alipotumwa mwaka 1854 na wauguzi 38 kwenda kuwauguza askari huko Uskudar, katika nchi ya Waturuki. Ulimwengu umemjua sana huyo, na anastahili sifa zake. Bibi Rufaida naye hakusahauliwa: wauguzi wa Kiislamu katika nchi nyingi humtaja kuwa ni mkubwa wao wa kwanza, na huko Bahrain imewekwa tuzo ya wanafunzi wa uuguzi kwa jina lake.

Habari zake zinafaa kusomwa katika nchi hii ya Malawi. Dzaleka, wilayani Dowa, palikuwa gereza kabla ya kufanywa makao ya wakimbizi mwaka 1994, na waliofika hapo kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanajua maana ya kuugua mbali na kwao. Mgonjwa apelekwaye Lilongwe bila ya mama wala ndugu wa kumletea uji ni mfano wa wale waliolazwa katika hema la Madina. Mwenye kumchukulia maji, akakaa naye usiku, na asiulize kabila lake, ameifuata njia ya Bibi Rufaida. Na binti anayetaka kusomea uuguzi asiambiwe kuwa kazi hiyo ni ngeni katika dini yake, kwani ilifanywa msikitini kwa Mtume, naye anaona.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Rufaida, amlipe kwa kila jeraha alilolifunga, na awape nguvu wote wanaouguza wasio wao. Amin.