Handel na Aleluya Yetu ya Pasaka

Leo mtatusikia tukiimba Aleluya ya Handel, ile ambayo soprano huilalamikia kila mwaka kwa kupanda kwake. Tumeona vyema tuwasimulie kidogo habari za mtunzi.

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Baba yake alitaka asomee sheria. Hakuwa Mkatoliki bali Mlutheri, lakini alipokuwa kijana huko Roma alitunga muziki wa Ufufuko ulioimbwa Jumapili ya Pasaka mwaka 1708. Baba Mtakatifu Klementi wa 11 hakupendezwa kwamba sehemu ya Maria Magdalena iliimbwa na mwanamke, na kesho yake mwanamume akachukua nafasi hiyo. Akina mama wa kwaya yetu waliposikia hayo walicheka, kisha wakanyamaza.

Baadaye alihamia London. Mwaka 1741 alitunga Messiah kwa siku 24 hivi, nayo ikaimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, katika Juma Kuu. Wanaume waliombwa waache panga zao nyumbani ili watu waenee ukumbini. Mapato yalisaidia wagonjwa na waliofungwa kwa madeni. Wafungwa 142 walifunguliwa.

Wengi hutuomba Aleluya hiyo wakati wa Krismasi. Hatuwalaumu, lakini Handel aliiweka mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso, kifo na ufufuko wa Bwana. Ndiyo maana sisi huitunza hadi Mkesha wa Pasaka, baada ya Kwaresima nzima bila kuimba Aleluya. Mwaka ule tulipomzika mpiga kinanda wetu katikati ya Kwaresima, wengine walisema tuiache. Tuliiimba bila kinanda. Besi walipotea mara mbili, na hakuna aliyewauliza.

Miaka ya mwisho Handel alikuwa kipofu, lakini hakuacha muziki. Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Messiah kwa mara ya mwisho. Inasemekana alitamani kufa Ijumaa Kuu. Ijumaa ilipita, akafariki asubuhi ya Jumamosi Kuu, tarehe 14. Asubuhi kama hiyo sisi huwa kanisani, tukirudia Aleluya yake kabla ya Mkesha.