Aliondolewa chuoni, leo jina lake liko kwenye kila waya

Ukikaa bedsitter kama mimi, ukutani una soketi moja tu, na kwenye hiyo soketi umechomeka ekstensheni iliyobeba maisha yako yote: birika, pasi, chaja, redio. Siku birika na pasi zinawashwa pamoja, ile ekstensheni inaanza kupata joto na kunuka plastiki. Jamaa aliyetupa hesabu ya kujua mapema kama itaungua alikuwa Mjerumani, Georg Simon Ohm. Na yeye pia chuo kilimshinda mara ya kwanza.

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen. Buda wake alikuwa fundi wa kufuli. Mzee hakuwa na masomo ya maana, lakini alijifunza hesabu na sayansi mwenyewe mpaka akaweza kuwafunza wanawe nyumbani. Mama yao alifariki Georg akiwa na miaka kumi hivi.

Mwaka 1805 kijana akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Basi akapata uhuru! Ikawa ni kudensi, kuteleza kwenye barafu na kucheza biliadi. Vitabu vikakaa kando. Mzee aliposikia vile jasho lake linachezewa, alikasirika kabisa. Baada ya mihula mitatu, Georg akatolewa chuoni na kutumwa Uswisi kufundisha hesabu shuleni. Hapo ndipo wengi wetu hadithi yetu ingeishia. Najua, maana nami niliacha chuo, na mtaani jina la failure linakushika haraka.

Lakini kule Uswisi, baada ya kazi, jamaa alikaa chini akajisomea hesabu mwenyewe. Mwaka 1811 alirudi Erlangen na mwaka huohuo akapata shahada ya udaktari. Hata hivyo doo haikuja. Alifundisha chuoni hapo kwa muda, mshahara ukawa mdogo, akaacha. Akaenda kufundisha shule moja mjini Bamberg, nayo ikafungwa.

Mwaka 1817 alipata kazi katika shule ya upili mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na maabara poa, na yeye akaanza kuuliza swali dogo: waya ukiwa mrefu zaidi, umeme unaopita unapungua kiasi gani? Shida ilikuwa betri za siku hizo. Nguvu yake ilipanda na kushuka ovyo, vipimo vikakataa kukaa sawa. Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri atumie joto badala ya betri. Ohm akaunganisha metali mbili, bismuthi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Umeme ukatoka kidogo, lakini ukatulia. Akabadilisha nyaya za shaba za urefu tofauti, moja baada ya nyingine, akiandika kila kipimo.

Jibu lake alilichapisha kwenye kitabu mwaka 1827, na ni rahisi hadi unashangaa. Volti ni msukumo. Ampea ni kiasi cha umeme kinachopita. Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani vile waya unavyozuia umeme usipite.

Turudi kwenye birika. Tuseme linavuta ampea 10 kwenye umeme wetu wa volti 240. Gawa 240 kwa 10: ukinzani ni 24. Sasa zidisha 240 kwa 10: nguvu ni wati 2,400. Hesabu ya nguvu na joto ilikamilishwa na wengine, akiwemo Mwingereza James Joule mwaka 1841, lakini msingi ni wa Ohm. Ongeza pasi ya wati 1,200. Gawa kwa 240, inavuta ampea 5. Jumla ni 15, na soketi ya kawaida imetengenezewa 13. Ndiyo maana plastiki inanuka.

Unadhani Ujerumani walimpigia makofi? Wapi! Wanafizikia wengi walikipokea kitabu baridi, wengine wakisema kimejaa hesabu kupita kiasi. Ohm, aliyetarajia kazi ya chuo kikuu, akajiuzulu Cologne na kuhamia Berlin, akiishi kwa vibarua vya kufundisha. Kazi ya kueleweka aliipata mwaka 1833 tu, mjini Nuremberg.

Heshima ilitoka ng'ambo. Mwaka 1841, miaka 14 baada ya kitabu, Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Nyumbani wakaanza kumwona. Uprofesa wa fizikia Chuo Kikuu cha Munich, ile kazi aliyoitamani tangu ujana, ulimfikia mwaka 1852, akiwa na zaidi ya miaka 60. Aliufurahia kwa miaka miwili hivi. Alifariki Munich Julai 6, 1854.

Mwaka 1881, wataalamu waliokutana Paris walikubali kipimo cha ukinzani kiitwe omu, kwa jina lake. Kwa hivyo ukinzani wa birika lako ni omu 24. Chemsha chai kwanza, kisha upige pasi. Ekstensheni haijali kama ulimaliza chuo au la, inajua hesabu tu.