Mdomo Ulivyomponza Adam Osborne

Mchuuzi wa ndizi katika soko la Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, hathubutu kumwambia mteja kuwa mikungu ya kesho itakuwa minono kuliko ya leo. Anajua fika kwamba akitamka hayo atarudi nyumbani na mzigo wake. Jambo hilo lisilohitaji shahada ndilo linalosemekana kumfilisi daktari wa falsafa aliyekuwa gwiji wa kuuza tarakilishi, au kompyuta kama waiitavyo watu wa sokoni.

Adam Osborne alizaliwa Bangkok mwaka 1939, baba yake Mwingereza na mama yake Mpolandi. Alilelewa Tiruvannamalai, kusini mwa India, akakua akizungumza Kitamil. Alisomea uhandisi wa kemikali Birmingham, kisha akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, mwaka 1968. Kilichomtajirisha mwanzo ni kalamu: aliandika na kuchapisha vitabu vya kuwafafanulia watu tarakilishi ndogo, na mwaka 1979 akaiuza kampuni yake ya uchapishaji kwa McGraw-Hill.

Mnamo Aprili 1981 aliizindua Osborne 1, iliyosanifiwa na Lee Felsenstein. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi 5 tu, nayo ilifungwa na kubebwa mfano wa cherehani. Bei ilikuwa dola 1,795. Hata hivyo, hekima ya Osborne haikuwa katika mashine. Ndani ya bei hiyo alitia programu za kuandikia na za kupigia hesabu, ambazo thamani yake ilikaribia bei ya mashine yenyewe. Aliyenunua alifika nyumbani akaanza kazi.

Sisi Gusii tunajua kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya tisini mjomba wangu alinunua tarakilishi kuukuu kwa muuzaji mmoja mjini Kisii. Ilipowashwa haikuwa na programu yoyote ya maana. Ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa sebuleni kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Osborne alifikia kuuza mashine 10,000 kwa mwezi. Kisha mapema mwaka 1983 akaanza kuisifu hadharani mashine mpya, Executive, kabla haijafika madukani. Wenye maduka wakasitisha kununua ile ya zamani, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kufilisika. Kwa maoni yangu, mdomo umetwishwa lawama kupita kiasi. Kaypro ilikwisha kuingia sokoni na kioo cha inchi 9 kwa bei ya kushindana, na IBM nayo ilikuwa imewavuta wanunuzi wengi.

Kisa kinachonigusa zaidi, mimi mwanaisimu, ni kilichofuata. Mwaka 1984 Osborne alianzisha Paperback Software ili auze programu kwa bei ya chini. Programu yake ya hesabu, VP-Planner, ilitumia maneno ya amri na mpangilio wake kama yalivyokuwa katika 1-2-3 ya Lotus, ili aliyezoea moja aweze kuitumia nyingine. Lotus ikamshtaki mwaka 1987. Swali lilikuwa zito: je, msamiati wa amri una mwenyewe? Mnamo 1990 mahakama ya Boston iliamua kuwa Lotus inao haki, na kampuni ya Osborne haikuinuka tena.

Mwaka 1995, katika kesi ya Lotus dhidi ya Borland, mahakama ya rufani iliamua kuwa maneno ya namna hiyo ni njia tu ya kuiendesha programu, wala hayawezi kuhodhiwa. Mwaka uliofuata majaji wa Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani waligawanyika sawasawa, hivyo uamuzi huo ukabaki. Osborne hakuwa na kampuni tena ya kunufaika nao. Alikwisha kurejea India mwaka 1992 akiwa mgonjwa, na mnamo Machi 2003 akafariki huko Kodaikanal, miongoni mwa wasemaji wa lugha ya utoto wake.