Ernst May: Mchoraji wa Miji Aliyelima Arusha

Anayechunguza historia ya majumba ya kisasa yaliyojengwa mijini kwetu baada ya Vita Kuu ya Pili hakosi kukutana na jina la Ernst May.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Kuanzia 1925 hadi 1930 alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi mjini humo, kisha akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, kwao hakukurudika tena. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha. Hebu fikirini: bingwa wa miji akingoja mvua kama wazee wetu wa Kasulu na Kibondo!

Baadaye alihamia Nairobi na kurudia kazi yake. Vita vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Wajerumani wenyewe walikwisha mkataa.

Alipoachiwa alichora mpango wa kuipanua Kampala, pande za Kololo na Naguru. Mpango huo uliwatenga wakazi kwa rangi, jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka mno. Lakini Moshi alichora jengo la KNCU, lililojengwa kwa fedha za kahawa za wakulima Wachagga. Vijana, mkifika Moshi litazameni.

Alirudi Ujerumani akiwa amepita miaka 65, akaanza tena kupanga miji. Alifariki Hamburg mwaka 1970.