John von Neumann: Mwanahisabati aliyepiga hesabu ya muungano

FEBRUARI 8, 1957, John von Neumann alifariki dunia kwa saratani mjini Washington, Marekani, akiwa na umri wa miaka 53. Aliacha hesabu ya swali ambalo kila mfanyabiashara analijua: watu wakiungana kutafuta faida, nani aingie, nani aachwe, na kila mmoja apate kiasi gani?

Alizaliwa Desemba 28, 1903, Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, aliyefanya kazi ya benki, aliona hisabati haitamlisha kijana. Wakaelewana: asome uhandisi wa kemia Zurich, Uswisi, na wakati huohuo hisabati Budapest. Mwaka 1926 alikuwa amemaliza masomo yote mawili.

Mwaka 1928 alichapisha makala kuhusu michezo ambayo anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake. Mwaka 1930 alihamia Princeton, Marekani. Huko alikutana na mchumi Oskar Morgenstern, aliyepoteza kazi yake Vienna baada ya Ujerumani ya Hitler kuitwaa Austria mwaka 1938. Mwaka 1944 wawili hao walitoa kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kuhusu nadharia ya michezo na uchumi.

Ndani yake mna tatizo la watu watatu. Chukua wafanyabiashara watatu na lori lenye nafasi ya mizigo ya wawili tu. Wawili wakiungana wanapata faida ya shilingi 60,000. Anayebaki hapati kitu. Wa kwanza na wa pili wanakubaliana 30,000 kwa 30,000. Wa tatu anamnong'oneza wa pili: njoo kwangu, uchukue 40,000, mimi nibaki na 20,000. Wa kwanza, aliyeachwa mikono mitupu, naye anamfuata wa tatu na ahadi ya 30,000. Mzunguko hauishi.

Von Neumann na Morgenstern walionyesha kuwa hakuna mgawo mmoja usioweza kuvunjwa. Kinachouzuia muungano usivunjike ni desturi ambayo wahusika wanaikubali.

Mwaka 1953 Lloyd Shapley, naye wa Princeton, aliongeza kanuni ya mgawo: kila mmoja alipwe kwa wastani wa kile anachoongeza anapojiunga, kwa kuzingatia kila mpangilio ambao kundi lingeweza kukusanyika. Mwaka 2012 Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Maisha ya von Neumann yalikuwa na upande mwingine. Alishiriki kutengeneza bomu la atomiki, na baada ya vita aliunga mkono msimamo mkali dhidi ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1945 aliandika ripoti iliyoeleza kompyuta inayohifadhi maagizo yake pamoja na data katika kumbukumbu moja. Kompyuta nyingi za leo zinafuata mpango huo.

Ndani ya kompyuta hizo hesabu za muungano zilipata kazi mpya. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakiunda programu wakala, zinazotenda kwa niaba ya wenyewe na kujadiliana zenyewe kwa zenyewe. Kazi ikiizidi programu moja, inatafuta wenzake. Tatizo ni wingi wa makundi: programu 10 zinaweza kuunda makundi 1,023, programu 20, zaidi ya milioni moja. Mwaka 1998 Onn Shehory na Sarit Kraus walichapisha njia ya kupunguza mzigo huo: weka kikomo cha ukubwa wa kundi, chagua kwanza kundi lenye gharama ndogo, kisha rudia kwa kazi zilizobaki. Njia hiyo haileti jibu bora kila mara, lakini inaleta jibu kwa wakati.

Von Neumann hakuishi kuyaona hayo. Lakini somo la lori lake la watu watatu limebaki palepale, kwa programu na kwa watu: mgawo usipokubaliwa kabla ya mzigo kupakiwa, aliyeachwa nje ana sababu ya kuja na ofa nono zaidi.