Archibald McIndoe: Daktari aliyewarejeshea marubani nyuso zao

NDEGE za madaktari wa Amref zinapopaa kutoka Uwanja wa Wilson jijini Nairobi kumfuata mgonjwa aliye mbali na hospitali, ni wachache wanaokumbuka kwamba mmoja wa watu watatu walioasisi huduma hiyo alikuwa daktari aliyetumia miaka mingi kuichunguza, kuikata na kuishona ngozi ya binadamu.

Huyo ni Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa nchini Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliwatibu mamia ya wanahewa walioungua nyuso na mikono, na kazi yake ikabadilisha namna madaktari wanavyoyashughulikia majeraha ya moto.

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900 mjini Dunedin, akiwa mmoja wa watoto wanne wa mpiga chapa John McIndoe na mkewe, mchoraji Mabel Hill. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago kisha akafanya kazi kwa muda katika hospitali ya Waikato.

Mnamo 1924 alipata ufadhili wa kujiendeleza katika hospitali maarufu ya Mayo, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Huko alijijengea jina kama mpasuaji wa tumbo na kuandika kuhusu maradhi ya ini. Hakuna aliyedhani kwamba angekuja kuwa fundi wa nyuso.

Alihamia London mwaka wa 1930 akiwa na matumaini makubwa, lakini kazi aliyoitarajia hakuipata. Aliyemwokoa ni jamaa yake, Sir Harold Gillies, ambaye pia alizaliwa Dunedin. Gillies ndiye aliyeweka misingi ya upasuaji wa plastiki wa kisasa alipowatibu askari waliojeruhiwa nyuso katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na sasa akamkaribisha McIndoe awe mwanafunzi na mshirika wake.

Upasuaji wa plastiki hauhusiani na plastiki ya mifuko na ndoo. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga. Lakini tofauti na udongo wa mfinyanzi, ngozi ni kitu hai kinachoweza kukaidi mkono wa fundi, na McIndoe alilijua hilo mapema.

Ngozi yenye afya ina unyumbufu, yaani uwezo wa kuvutika na kurejea ilivyokuwa. Uwezo huo hutokana na nyuzinyuzi za aina mbili. Kolajeni huipa ngozi nguvu ya kutoraruka, nayo elastini huirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Ndiyo sababu mtu hucheka, hukunja ngumi na kufumba macho bila hata kuifikiria ngozi yake.

Hata ikiwa imetulia, ngozi huwa imevutika kiasi juu ya mwili. Mnamo 1861, mwanaanatomia Karl Langer wa Vienna alionyesha kwamba mashimo ya duara yakitobolewa katika ngozi ya maiti hugeuka marefu, kwa sababu ngozi huvuta zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mpasuaji anayekata kwa kufuata mielekeo ya mvuto huo huacha kovu jembamba. Anayeukata mvuto huo kwa kukingama huenda akaacha kovu pana na nene.

Jeraha la moto lililozama huharibu mpangilio huo wote. Kovu linalojitokeza hujaa kolajeni iliyosongamana, huku elastini ikirejea kwa uchache mno. Badala ya kunyumbuka, kovu hukakamaa, na kwa miezi kadhaa huendelea kunywea na kuvuta kila kilicho karibu nalo. Kidevu kinaweza kuvutwa hadi kifuani, vidole vikajikunja kama makucha na mdomo ukapinda.

Hatari iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa machoni. Kope zikivutwa na kovu, jicho halifumbi tena. Mboni hukauka, hupata vidonda na mwishowe mgonjwa aliyenusurika moto hupofuka akiwa kitandani.

Hayo ndiyo yaliyomkabili McIndoe katika hospitali ya Queen Victoria mjini East Grinstead, kusini mwa Uingereza, alikohamia 1939. Alikuwa ameteuliwa mwaka uliotangulia kuwa mshauri wa Jeshi la Anga kuhusu upasuaji wa plastiki. Vita vilipoanza, Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wanne tu waliobobea kikamilifu katika taaluma hiyo.

Mapigano ya angani ya 1940 yalimletea wagonjwa wasio na kifani. Walikuwa vijana, wengi wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Matangi ya petroli ya ndege zao yalilipuka walipopigwa risasi, na moto ukawaunguza uso na mikono katika muda mfupi kabla ya kuruka kwa mwavuli.

Matibabu ya kawaida wakati huo yalikuwa kupaka jeraha dawa ya tanini, kemikali ya jamii ile ile inayopatikana katika magome ya miwati na kutumiwa na watengenezaji wa ngozi za viatu. Dawa hiyo iliunda gamba gumu juu ya kidonda. Gamba hilo lilizuia maji kupotea mwilini, lakini usoni na mikononi lilikuwa balaa, kwani liliviminya vidole na kope, na uchafu ukajificha chini yake.

McIndoe alitambua jambo lililowapita wengine. Marubani walioanguka baharini walikuwa wakipona vyema kuliko walioanguka nchi kavu. Aliamua kuwalaza wagonjwa wake katika mabafu ya maji vuguvugu ya chumvi, na kuvifunika vidonda kwa vitambaa vilivyolainishwa. Ngozi iliyobaki ikasalia laini, viungo vikaweza kunyooshwa, na kidonda kikawa tayari kupandikizwa mapema.

Alipiga vita matumizi ya tanini kwa ukali uliowaudhi baadhi ya wakubwa wa tiba. Hatimaye hoja yake ilishinda, na dawa hiyo ikaacha kutumiwa katika majeraha ya uso na mikono.

Baada ya hapo ilifuata kazi ya kupandikiza ngozi, na hapo ndipo unyumbufu ulipoamua matokeo. Kipande cha ngozi kikishakatwa hunywea papo hapo, mithili ya mpira ulioachiliwa. Kikishashika mahali papya huendelea kunywea kadiri kovu la chini yake linavyokomaa. Kipande chembamba hushika kwa urahisi lakini hunywea sana. Kipande kinene hunywea kidogo lakini ni vigumu zaidi kukifanya kishike.

Kwa hiyo mpasuaji hakupaswa kupima jeraha na kukata kipande kinacholingana nalo. Ilimbidi akate kikubwa zaidi, akijua kwamba sehemu fulani itapotea. Kope mpya zilionekana kubwa na za kutisha mwanzoni, kisha zikajipunguza taratibu hadi zikakaa vizuri. Kwa kuwa macho hayangeweza kusubiri, McIndoe alianza na kope kabla ya kugusa pua au mdomo.

Kila sehemu ya uso ilidai ngozi ya tabia yake. Kope zilihitaji ngozi nyembamba na laini ili ziweze kufumba. Pua ilihitaji nyama nene zaidi, na hapo alitumia mbinu ya Gillies ya mrija wa ngozi. Ngozi ya kifuani au begani hukatwa pande mbili bila kutenganishwa na mwili, ikakunjwa na kushonwa kama bomba ili damu iendelee kupita. Baada ya majuma kadhaa ncha moja huhamishiwa usoni.

Kazi hiyo haikuwa na njia ya mkato. Tishu zilipaswa kuachwa zilainike kabla ya kisu kurudi tena, na baadhi ya wagonjwa walipasuliwa zaidi ya mara kumi katika kipindi cha miaka kadhaa. McIndoe hakuifanya peke yake. Alikuwa na daktari wa nusukaputi John Hunter na muuguzi Jill Mullins, waliokuwa nguzo za chumba chake cha upasuaji.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni rubani Richard Hillary, aliyeangushwa Septemba 1940 na kuungua uso na mikono. Alipewa kope mpya na mdomo mpya, akaandika kitabu kilichosomwa sana kuhusu masaibu yake, The Last Enemy. Alirejea kurusha ndege na akafa katika ajali Januari 1943.

McIndoe alifahamu kwamba uso ulioungua huumiza moyo kuliko mwili. Katika Wodi ya Tatu, jengo la mbao lisilo na fahari yoyote, alifuta amri nyingi za kijeshi. Wagonjwa waliruhusiwa kuvaa sare zao badala ya nguo za hospitali, pipa la bia liliwekwa wodini, na vyeo havikutenganisha vitanda.

Aidha, aliwaomba wakazi wa East Grinstead wawakaribishe vijana hao majumbani, katika mabaa na kwenye densi bila kuwakodolea macho wala kuwahurumia kupita kiasi. Wakazi waliitikia, na mji huo ukajulikana kama mji usiokodoa macho. Baadhi ya wagonjwa walipata wake papo hapo.

Aliteta pia na serikali kuhusu kanuni iliyowanyima wanajeshi nafasi yao jeshini walipokaa hospitalini zaidi ya siku 90. Yeye mwenyewe alikataa kuvalishwa sare, na kwa sababu hiyo aliweza kugombana na majenerali bila kuogopa kuadhibiwa.

Mnamo 1941 wagonjwa 39 waliunda chama walichokiita Guinea Pig Club, yaani Chama cha Simbilisi, wakijilinganisha kwa mzaha na mnyama wa majaribio ya maabara. Mweka hazina alichaguliwa kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeungua, hivyo asingeweza kutoroka na fedha. Katibu naye aliungua vidole, hivyo asingewachosha kwa kumbukumbu ndefu za mikutano. Kufikia mwisho wa vita chama kilikuwa na wanachama 649, na kiliendelea kukutana hadi 2007.

McIndoe alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1947. Wakati wa amani aliwahudumia pia matajiri waliotaka pua nzuri au nyuso za ujana. Huko nako somo lilikuwa lile lile. Ngozi iliyozeeka imepoteza sehemu ya elastini yake, hivyo huficha makovu vyema katika mikunjo lakini hulegea tena hata ikivutwa kwa ustadi. Ngozi ya kijana ni imara, ila mvuto wake unaweza kulipanua kovu. Kwa watu wa asili ya Kiafrika, mpasuaji huongeza tahadhari nyingine, kwani makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha huwatokea mara nyingi zaidi.

Afrika Mashariki ilimvutia McIndoe, naye akawa na shamba katika miteremko ya Kilimanjaro, nchini Tanganyika. Ni huko, mwaka wa 1956, alikojadiliana na wapasuaji wawili waliopata mafunzo kwake, Michael Wood wa Nairobi na Tom Rees wa New York. Waliona jinsi wanavijiji walivyoishi mbali na madaktari, wengi wakibaki na ulemavu wa majeraha ya moto na ya wanyama ambao ungerekebishika.

Mwaka uliofuata, 1957, walianzisha shirika la madaktari wa ndege lililokuja kuitwa Amref. Wood alirusha ndege yake hadi hospitali za mashambani, na upasuaji wa kurekebisha maumbile ukawa miongoni mwa huduma za kwanza.

McIndoe hakuishi kuuona mti huo ukikomaa. Alifariki usingizini jijini London Aprili 1960, akiwa na umri wa miaka 59. Gillies, mwalimu wake, alimfuata Septemba mwaka huo huo.

Majivu yake yalizikwa katika St Clement Danes, kanisa la Jeshi la Anga jijini London, heshima isiyo ya kawaida kwa raia ambaye hakuwahi kuvaa sare ya jeshi hilo. Nchini Kenya, ambako mafuta ya taa, uji wa moto na meko ya wazi bado huwaunguza watoto, kila mtoto anayenyooshewa vidole vilivyokunjwa na kovu ananufaika na maarifa yaliyopatikana katika wodi ile ya mbao ya East Grinstead.