Alan Turing, Aliyewaza Mtambo wa Kuiga Mitambo Mingine

Mwanafunzi akifungua kompyuta yenye Windows, kisha akaona Linux nayo inafanya kazi ndani ya dirisha moja, huenda akadhani ni mazingaombwe. Lakini wazo hilo ni la zamani, nalo lilitoka kwa kijana Mwingereza, Alan Turing.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali huko Bara Hindi, hivyo mtoto alilelewa Uingereza na watu wengine. Mwaka 1926, siku za kuanza masomo katika shule ya bweni ya Sherborne, mgomo mkuu ulisimamisha magari ya moshi. Turing hakungoja. Alipanda baiskeli, akaenda maili 60, akilala njiani usiku mmoja. Ni mbali kupita kutoka hapa Gisenyi hadi Musanze, ijapokuwa yeye hakuwa na milima yetu!

Mwaka 1936, akiwa Cambridge, aliandika makala ya hesabu. Humo aliwaza mtambo usomao alama katika utepe mrefu. Akaonyesha kwamba ukiandika utepeni maelezo ya mtambo mwingine wa namna hiyo, mtambo wa kwanza waweza kuyasoma na kufanya kazi ya ule wa pili. Basi hapana haja ya kuunda mtambo mpya kwa kila kazi. Katika miaka ya 1960 kompyuta kubwa za IBM zilianza kubeba kompyuta nyingine ndani yake. Hiyo ya ndani si chuma. Ni programu inayojifanya chuma. Ila zote hugawana kumbukumbu moja, na kompyuta ikiwa ndogo hujikokota.

Wakati wa vita alifanya kazi Bletchley Park, akavumbua njia za kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Mwaka 1942 wafumbuzi wengine wa Kiingereza, walioshughulikia maandishi ya Wajapani, walihamia Mombasa, wakakaa katika shule ya Allidina Visram.

Nchi aliyoitumikia haikumtunza. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wake na mwanamume, jambo lililokuwa kosa kisheria huko, akakubali kutiwa dawa badala ya kufungwa. Alikufa kwa sumu tarehe 7 Juni, 1954, akiwa na miaka 41. Malkia alimsamehe mwaka 2013. Mimi naona walichelewa mno.